Bata Wetu na Hesabu ya Madume

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nawaomba mnisome hadi mwisho kabla ya kucheka. Nilipomwambia mwenzangu wa bwenini kwamba katika toleo hili nitaandika habari za bata wanavyopandana, na taabu zitokazo humo, alicheka hata akamwaga uji wake. Sikumlaumu, maana zamani na mimi nilicheka vivyo hivyo. Lakini kicheko hicho kilinipotezea bata niliyemlea kwa mikono yangu mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu leo.

Kwetu ni Ifakara, katika bonde la mto Kilombero, mahali penye mpunga na maji mengi. Bibi yangu, mzaa mama, amefuga bata tangu kabla sijazaliwa. Hawafugi kwa ajili ya fedha tu, kwani huwapenda na huzungumza nao kama watu. Hata hivyo vifaranga anaowauza ndio wanaoleta sabuni yangu, madaftari yangu na nauli ya basi kila nirudipo shuleni. Basi bata wa Bibi wakipata taabu, nami nimepata taabu.

YALIYOTOKEA DESEMBA 2023

Nilikwenda likizo baada ya kumaliza Kidato cha Pili. Banda la Bibi lilikuwa na bata kumi na mmoja, yaani majike sita na madume watano. Miongoni mwa majike alikuwamo mmoja mweupe, ambaye nilimlea tangu alipokuwa kifaranga baada ya mama yake kuliwa na nguchiro. Alizoea sauti yangu, na nilipokaa kizingitini alikuwa akija kulala miguuni pangu.

Safari hii nilimkuta kisogo chake hakina manyoya, ngozi imekuwa nyekundu, naye anajificha nyuma ya kinu mchana kutwa. Nikamwuliza Bibi. Akasema, "Labda ni utitiri, mjukuu wangu. Mpake majivu." Nikampaka majivu. Lakini kila asubuhi banda lilipofunguliwa, madume wawili watatu walimfukuza kwa pamoja, mmoja akamshika kisogo kwa mdomo, wa pili akamrukia, wa tatu akangoja zamu. Sisi watoto wa uani tulicheka. Wakubwa walipopita walitufukuza wakisema, "Ondokeni hapo! Hayo si mambo ya kutazamwa na watoto." Hivyo sisi tulitazama bila kuelewa, na wale ambao wangeelewa hawakutazama.

Siku ya nne nilimkuta amekufa ndani ya shimo la maji tulilolichimba ili bata waoge. Bibi alilia. Kisha akakumbuka kwamba jirani alikuwa amelalamika juu ya bata wetu kuingia katika bustani yake ya mchicha, akaanza kusema kwamba ametiliwa sumu. Maneno yalikaribia kuwa makali. Kwa bahati njema Bwana Mifugo wa kata alikuwa akipita siku ile kuchanja mbwa. Akamwinua yule bata, akapapasa shingo yake, akafunua manyoya ya mgongo, kisha akamwuliza Bibi:

"Mama, madume unao wangapi?"

"Watano."

"Na majike?"

"Walikuwa sita. Leo ni watano."

"Basi huyu hakulishwa sumu. Amezamishwa na madume. Jirani yako hana kosa, na hata hawa madume hawana kosa. Kilichokosewa ni hesabu."

Maneno yake niliyaandika katika daftari jioni ile. Mengine nimeyasoma baadaye katika vitabu vya maktaba yetu, na mwalimu wetu wa Bayolojia amenisaidia kuyaelewa. Hayo ndiyo nipendayo kuwaeleza wenzangu, na wazazi wenye bata uani.

AINA ZA BATA NA TABIA ZAO

Bata wafugwao huku kwetu ni wa koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza ni wa wale wenye nyama nyekundu yenye vinundu usoni. Vitabuni huitwa Muscovy, na ingawa jina hilo lafanana na la mji wa Moscow, asili yao ni Marekani ya Kati na ya Kusini, ambako wenyeji waliwafuga kabla Wazungu hawajafika. Bata hawa hawapigi kelele. Dume hutoa sauti kama ya pumzi inayopita katika tundu jembamba. Wa Bibi ni wa ukoo huu.

Ukoo wa pili ni wa wale watokanao na bata mwitu wa nchi za kaskazini, aitwaye mallard. Bata weupe waitwao Pekin, ambao asili yao ni China, ni wa ukoo huu. Hapa jike ndiye mwenye sauti kubwa, na dume ana sauti ya kukwaruza. Dume akikomaa huota manyoya machache mkiani yaliyojikunja kuelekea juu, na hiyo ni alama nzuri ya kumtambua.

Katika bata mwitu wa kaskazini, dume na jike huchaguana na kuwa pamoja kwa msimu mmoja. Jike anapoanza kuatamia, dume humwacha. Madume waliokosa wenzi hukusanyika na kumfukuza jike yeyote wanayemwona, hata kama ana mwenzi wake. Katika ziwa kubwa jike huweza kuruka, kupiga mbizi, au kujificha katika matete. Sasa mtie jike huyo katika ua wenye boma la miti, umpunguze mbawa asiruke, kisha umwekee madume watano. Atakimbilia wapi? Silika yao ni ile ile ya ziwani, lakini sisi tumemwondolea jike njia zake zote za kujiokoa.

Bata wa Muscovy hawafungi ndoa hata ya msimu. Dume mwenye nguvu hujaribu kuwatawala majike wote na kuwafukuza madume wengine. Tena tofauti ya uzito ni kubwa sana: dume aliyekomaa huweza kufikia kilo 5 au zaidi, na jike mara nyingi hazidi kilo 3. Tena miguu yao ina kucha kali. Fikirini basi mgongo wa jike anayepandwa na madume watano kwa siku moja.

Liko jambo jingine linalohusu nchi zetu. Katika nchi za kaskazini, bata huamshwa na siku zinaporefuka wakati wa masika yao, na siku zikifupika hupumzika. Ifakara iko karibu na nyuzi 8 kusini ya ikweta, na tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kwa mwaka mzima ni ndogo sana. Kwa hiyo pale penye chakula na maji ya kutosha dume huweza kuendelea karibu mwaka mzima, na majike hawapati likizo ndefu. Mfugaji ndiye apaswaye kuwapa likizo hiyo.

DALILI ZA HERI NA DALILI ZA SHARI

Si kila kukimbizana ni vita. Ni kawaida dume kutikisa kichwa mbele ya jike, kusimamisha manyoya ya utosini na kutikisa mkia, na ni kawaida jike kukimbia hatua chache kisha kutulia. Ni kawaida pia dume kumshika jike kisogoni kidogo, na jambo lenyewe huisha upesi. Mkiona hayo msishike fimbo.

Bali mkiona haya yafuatayo, fahamuni kwamba mambo yameharibika. Kwanza, kisogo au mgongo uliobaki ngozi tupu, au wenye damu. Pili, jike anayechechemea, au mwenye jicho lililovimba. Tatu, jike anayejificha mchana kutwa na kuacha kula hata pumba na dagaa zikiwa mbele yake. Nne, madume wawili au zaidi kumfuata jike mmoja kila siku, yule yule, hali wengine wameachwa. Tano, jike ambaye manyoya yake yanalowa anapoingia majini. Bata mzima hujipaka mafuta yatokayo katika tezi iliyo juu ya mkia wake, na kwa sababu hiyo maji huteleza juu yake. Manyoya yakivunjika na kuchakaa, na yeye akakosa nafasi ya kujipamba, maji humwingia, huwa mzito, na huweza kuzama. Bata wangu mweupe alikuwa na dalili zote hizi isipokuwa jicho, nami nilimpaka majivu.

DAWA YA KWANZA: MTENGE ALIYEUMIA

Usingoje hadi kesho. Mtoe jike aliyeumia, umweke mahali pake peke yake, lakini pawe ni mahali awezapo kuwaona na kuwasikia wenzake. Bata ni ndege wa kundi, na akiachwa pweke kabisa hunyong'onyea. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yaliyotiwa chumvi kidogo. Angalia kila siku asije akaingiwa na funza, maana nzi hupenda sana kidonda cha bata aliyelowa. Maji ya kunywa yawe na kina cha kutosha kuzamisha mdomo na pua, lakini asiingie katika maji ya kuogelea mpaka ngozi imefunga.

Manyoya yaliyong'olewa kabisa huanza kuota tena katika wiki chache. Yale yaliyovunjika katikati hayaoti mpaka bata abadilishe manyoya yake kwa kawaida, kwa hiyo msishangae mkiona mengine yamerudi na mengine bado. Kidonda kikiwa kikubwa, au bata hawezi kusimama, mwiteni Bwana Mifugo.

DAWA YA PILI: HESABU

Hii ndiyo dawa yenyewe, na nyingine zote ni za kuisaidia. Dume mmoja hutosha majike wanne hadi sita. Mwenye majike watano, basi dume mmoja. Mwenye kumi, madume wawili, na hao wawili wawe na nafasi ya kukaa mbalimbali. Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na ukiwaweka watano wanaoumia zaidi ni majike.

Bibi alipoambiwa hivi alibisha. Yeye siku zote aliamini kwamba madume wakiwa wengi mayai nayo huwa mengi. Imani hii nimeikuta kwa watu wengi, nayo si kweli. Jike hutaga mayai hata kama hajaona dume maisha yake yote, isipokuwa mayai hayo hayatatoa vifaranga. Anayetaka mayai ya kula tu hana haja ya dume hata mmoja.

Na anayetaka vifaranga hapati zaidi kwa kuongeza madume. Wakiwa wengi huzuiana wao kwa wao, na mmoja akimpanda jike mwingine humsukuma. Majike wakifukuzwa kutwa hula kidogo na kutaga kidogo. Hata jike aliyekwisha kuanza kuatamia hutolewa kiotani kwa nguvu, mayai yakapoa au kuvunjika. Mayai ya Muscovy yanahitaji kuatamiwa siku 35 hivi, na ya ukoo wa pili siku 28. Katika siku zote hizo mama anahitaji amani. Kabla ya hapo Bibi alikuwa ameatamisha mayai 14, akapata vifaranga watano tu. Alidhani ni kwa sababu ya ngurumo za radi.

Na mwenye bata wawili tu, kama walivyo watu wa mjini wanaofuga uani kwa kupenda, namshauri afuge majike wawili kuliko dume na jike. Jike mmoja pamoja na dume mmoja hubeba peke yake mzigo wa watano.

DAWA YA TATU: BANDA LA MADUME

Watu huuliza, "Madume wa ziada nitawafanya nini?" Wengine wauzwe au waliwe, maana ndivyo ufugaji ulivyo. Lakini asiyetaka kuwauza anaweza kuwajengea banda lao. Watu wengi hawaamini, lakini madume wakikaa pamoja bila majike, mahali wasipowaona, mara nyingi hutulia. Huweza kusukumana siku mbili tatu mpaka wajue nani mkubwa, kisha hula na kulala pamoja kwa amani. Ugomvi wao mwingi ni juu ya majike. Uzio baina yao na majike uwe wa matete au mabati, usiwe wavu mtupu, kwa sababu dume anayeona jike kutwa bila kumfikia hupigana na wenzake na kujiumiza kwenye wavu.

Dume asifungwe kamba mguuni, kwani mguu wa bata ni dhaifu na huteguka upesi. Asipigwe, asikatwe mdomo, wala asinyimwe chakula ili apungue nguvu. Mambo haya nimeyaona yakifanywa, na yote humtesa bata bila kuondoa taabu.

DAWA YA NNE: MAJI, CHAKULA NA MAHALI PA KUKIMBILIA

Bata hupenda kupandana majini, na maji humbeba jike asilemewe na uzito wa dume. Kwa hiyo maji yenyewe si adui. Shimo letu lilikuwa na ubaya mwingine: kingo zake zilikuwa wima na zenye utelezi, na lilikuwa jembamba mno. Jike akisukumwa chini na madume wawili hakuwa na pa kupandia. Afadhali bwawa pana lenye upande mmoja wa mteremko, au karai pana lenye mawe ya kupandia. Na penye madume wengi kuliko inavyopasa, heri kuwa na maji ya kujimwagia tu kuliko shimo refu.

Vyombo vya chakula viwe viwili au vitatu, mbalimbali, ili jike mnyonge asilazimike kupita mbele ya dume kila apatapo njaa. Ndani ya ua wekeni vizuizi, kama gogo, pipa lililolazwa au rundo la matawi. Jike akizunguka gogo, dume mzito humpoteza machoni na mara nyingi huacha kumfukuza. Tena msiache taa ikiwaka bandani usiku kucha, maana mwanga huwaamsha bata kama mchana mrefu.

MAMBO MATATU YA KUJIHADHARI

La kwanza, msifuge dume wa bata pamoja na kuku bila ya majike wake. Dume asiye na majike wa kutosha huwarukia mitetea, na hapo pana hatari kubwa. Ndege walio wengi, jogoo akiwa mmojawapo, hawana kiungo cha kuingia katika mwili wa jike, hugusana tu. Dume wa bata anacho. Mtetea hakuumbwa kwa jambo hilo, na huweza kuumizwa ndani na kufa.

Vivyo hivyo dume mkubwa wa Muscovy asiachwe na majike wadogo wa ukoo wa pili. Huwalemea kwa uzito, na vifaranga wao wakizaliwa huwa tasa, kama alivyo nyumbu azaliwaye na punda na farasi.

La pili, kiungo hicho cha dume huweza kutoka nje kisirudi, kikavimba na kukauka. Hutokea hasa kwa dume anayepanda mno. Mtengeni na majike mara moja, kiosheni kwa maji safi, kiwe na unyevu wakati wote, na kama hakikurudi siku hiyo mwiteni Bwana Mifugo bila kuchelewa. Hapa ndipo haya inapoua bata wengi, kwani mtu huona aibu kulitaja jambo hilo mpaka limeoza.

La tatu, kifaranga asilelewe na mtu peke yake bila wenzake. Mtaalamu wa Austria, Konrad Lorenz, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alieleza tangu mwaka 1935 jinsi vifaranga wa bata na wa bata bukini wanavyomshika kama mama kiumbe wa kwanza wanayemfuata baada ya kuanguliwa. Dume aliyelelewa hivyo, akikomaa, huweza kumfukuza mwenye nyumba na kumng'ang'ania miguu, akidhani ni wa kabila lake. Msimpige teke. Mwinueni taratibu, mkimshika mbawa zake ziwe zimelala ubavuni, mpaka atulie. Kisha mpatieni wenzake. Nami nilimlea yule mweupe peke yake, na huenda ndiyo sababu hakujua kukaa katika kundi, akawa mnyonge kuliko wote.

MWISHO WA HABARI YA BIBI

Bibi alikubali shauri, lakini si kwa siku moja. Madume wawili aliwauza sokoni, na fedha zao zikanunua misumari na mabati ya banda la madume. Dume mzee, ambaye marehemu Babu alimleta akiwa mdogo ndani ya kapu juu ya baiskeli, alikataa katakata kumwuza. Huyo aliwekwa katika banda jipya pamoja na mmoja wa kumliwaza. Akabaki dume mmoja na majike watano.

Hapo Bwana Mifugo alisema neno jingine. Majike karibu wote walikuwa watoto wa dume mzee, na huyu aliyebaki alikuwa ndugu yao. Kizazi cha ndugu kwa ndugu hudhoofika, akasema, afadhali abadilishwe na dume wa nyumba nyingine. Na nyumba ya karibu yenye bata ilikuwa ya yule jirani wa mchicha. Bibi alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akanituma nimpelekee salamu, na kesho yake akaenda mwenyewe, dume kwapani. Walibadilishana. Nilimsikia akisema, "Jirani yangu, nilikudhania vibaya." Jirani akajibu, "Yamekwisha, mama. Nawe uniwekee uzio wa mchicha." Uzio niliujenga mimi.

Tulingoja wiki tatu kabla ya kuwawekea mayai ya kuatamia, kwa kuwa mbegu ya dume wa kwanza hudumu ndani ya mwili wa jike kwa siku nyingi, na vifaranga wa mwanzo wangeweza kuwa bado wa yule ndugu. Niliporudi Juni 2024 nilikuta majike wote wana visogo vyenye manyoya. Mmoja alikuwa ameatamia mayai 13, akaangua vifaranga kumi. Hakuna aliyejificha nyuma ya kinu.

Wenzangu, muhula ukiisha mtakwenda makwenu, na wengi mtakuta bata uani. Nawasihi mfanye mambo mawili siku ya kwanza, baada ya kuwaamkia wazee. Wahesabuni madume na majike. Kisha tazameni visogo. Mkiona ngozi tupu msicheke, wala msione haya kumweleza mzazi au Bwana Mifugo kwa maneno ya wazi. Na ninyi wazazi, mtoto akiwauliza jambo hili msimfukuze, huenda ameona ambalo ninyi hamkuliona. Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Sisi tulificha, na nilimzika bata wangu chini ya mwembe wa Bibi hali dawa yake ilikuwa kuhesabu mpaka tano.